Fang Gang hashindi kwa hasira, anashinda kwa upanga mfupi

Mhariri,

Ni nadra gazeti la Kiswahili kuzipa filamu za upanga za Hong Kong ukurasa mzima wa burudani, na kwa hilo nawashukuru. Lakini makala yenu ina sentensi moja ambayo siwezi kuiacha ipite. Mwandishi anasema stelingi wa The One-Armed Swordsman anawamaliza maadui kwa hasira ya kukatwa mkono. Itazameni tena filamu hiyo kwa utulivu. Hasira haimsaidii kitu. Anashinda kwa sababu upanga wake ni mfupi, na filamu nzima tangu dakika za mwanzo imepangwa ili mtazamaji alifikie jambo hilo mwenyewe. Asiyeliona ameambulia kuona watu wakikatana tu.

Kwa wasioijua, filamu hii ilitoka Hong Kong mwaka 1967 chini ya kampuni ya Shaw Brothers. Mwongozaji ni Chang Cheh, aliyeandika hadithi pamoja na Ni Kuang. Mapigano yalipangwa na Lau Kar-leung na Tang Chia, na nafasi ya Fang Gang, mhusika mkuu, ilichezwa na Jimmy Wang Yu, kijana aliyekuwa mwogeleaji kabla ya kuingia kwenye filamu. Ndiyo filamu ya kwanza iliyotengenezwa Hong Kong kuingiza zaidi ya dola milioni moja za Hong Kong katika kumbi za mji huo, tena katika mwaka ambao mji ulikuwa umechafuka kwa ghasia dhidi ya utawala wa kikoloni wa Waingereza. Bruce Lee, ambaye wengi wetu Afrika Mashariki tunamhesabu kuwa ndiye aliyeanzisha mambo yote haya, alitoka na The Big Boss mwaka 1971, miaka minne baadaye.

Hadithi inaanza na mtumishi, Fang Cheng, anayekufa akimlinda bwana wake, mwalimu mkuu wa upanga Qi Rufeng, pale majambazi wanapoivamia nyumba. Katika vurugu hizo upanga wa mtumishi unavunjika. Kabla hajakata roho anamwomba bwana wake amchukue mwanawe awe mwanafunzi, na mwalimu anakubali. Mtoto anakua akikitunza kipande cha upanga wa marehemu baba yake. Wengi hukiona kipande hicho kama kumbukumbu ya kutia huzuni tu, kisha wanakisahau. Naomba msikisahau.

Wanafunzi wenzake wanamdharau kwa kuwa ni mtoto wa mtumishi. Pei'er, binti wa mwalimu, anampenda na hapati anachokitaka. Fang Gang anaona heri aondoke kuliko kumletea mwalimu ugomvi nyumbani, anaondoka usiku wakati wa theluji, na wenzake wanamkatiza njiani. Anapambana na Pei'er bila silaha na kumshinda. Binti huyo, aibu ikiwa imempanda kichwani, anaukata mkono wake wa kulia. Fang Gang anajikokota hadi darajani, nguvu zinamwishia, anaanguka na kutua ndani ya mashua ya msichana wa shamba, Xiaoman, ambaye anamchukua na kumuuguza.

Sasa tuje kwenye silaha, maana hapo ndipo mwandishi wenu alipopita haraka mno.

Upanga unaotumika humu ni ule wa Kichina wenye makali upande mmoja na bapa lililopinda kidogo. Ni silaha ya kukata zaidi kuliko ya kuchoma, na kwa kawaida bapa lake huwa na urefu wa sentimita 70 hivi ukiacha mpini. Shule ya Qi Rufeng inasifika kwa upanga wa dhahabu, na mtindo wake unategemea urefu huo wa bapa. Mwanafunzi anafungua kwa pigo pana linalotoka juu au ubavuni, kiuno na mabega vikiusindikiza mkono, na adui analazimika kukinga. Huu ni mtindo wa mtu mwenye uhakika kwamba upanga wake utafika kabla ya silaha ya mwenzake.

Maadui wameusoma mtindo huo wakauelewa. Mkubwa wao, Shetani wa Mikono Mirefu, amebuni silaha kwa ajili ya shule hiyo moja tu. Inashikwa kwa mkono mmoja kama upanga, lakini ina taya zinazofunga kama koleo la mhunzi. Mwenye koleo anasimama na kulikaribisha pigo. Badala ya kuruka pembeni, anainua silaha yake na kulipokea bapa katikati ya taya. Taya zinajifunga, na upanga unakuwa hauendi mbele wala haurudi nyuma. Hapo mkono wake wa pili, ambao mpaka wakati huo haukuwa na kazi yoyote, unachomoa jambia fupi na kulizamisha tumboni mwa mwanafunzi. Tangu kunasa mpaka kuchoma ni muda wa pumzi moja.

Kila anayeitazama filamu hii mara ya kwanza huuliza: kwa nini mwanafunzi asiuachie tu huo upanga akakimbia? Hawezi, kwa sababu mafunzo yake yote yanamwambia asiuachie. Mkono unapohisi upanga umenasa, mwili unavuta kwa mazoea, na anapovuta anamvutia adui karibu zaidi, mahali hasa jambia linapofika. Mkono wake wa pili ni mtupu, maana shule yake haifundishi silaha ya pili. Hata akiuachia upanga, amebaki mikono mitupu mbele ya mtu mwenye silaha mbili. Ndiyo maana wanafunzi wanaosafiri kwenda kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mwalimu wao wanauawa njiani, mmoja baada ya mwingine, kwa kosa lile lile. Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba sehemu hiyo inajirudia. Inajirudia kwa makusudi. Chang Cheh anataka sisi watazamaji tulijue lile koleo vizuri kuliko wanavyolijua wanaouawa nalo, ili siku Fang Gang atakapochomoa kipande chake tusihitaji kuelezwa na mtu.

Fang Gang naye, wakati wenzake wanakufa, yuko shambani kwa Xiaoman akijifunza upya kila kitu. Msichana huyu ana kitabu cha mafunzo alichoachiwa na baba yake, aliyeuawa kwa sababu ya mambo hayo hayo ya upanga. Mama yake alikitupa kitabu motoni kwa uchungu, kikaungua nusu, na nusu iliyosalimika ni ile yenye mbinu za mkono wa kushoto. Najua wapo wanaoicheka bahati hiyo. Ni bahati kubwa kweli, lakini ndiyo pekee ambayo filamu inaiomba kwetu. Kuanzia hapo kila ushindi unalipiwa.

Jambo la kwanza ni upande. Mtu aliyezoea kupigana na wenye kutumia mkono wa kulia analitarajia pigo litokee kushoto kwake, na mkono wake wa koleo umezoea kuvuka kifua kwenda huko kulipokea. Fang Gang anatokea upande wa pili. Pigo linakuja kulia, upande ule ule wa mkono wenye koleo, na pembe ya kulinasa inakuwa si ile aliyoifanyia mazoezi. Hilo peke yake linamchelewesha adui, ingawa halitoshi kumwokoa Fang Gang. Angekuwa na upanga mzima, adui angejirekebisha katika pigo la pili na kumnasa.

Jambo la pili, ambalo ndilo lenyewe, ni ule upanga wa baba. Koleo linalisubiri bapa mahali fulani mbele ya mwili wa mwenye kulishika. Bapa refu linapita hapo lazima, na ndipo linaponaswa. Bapa lililovunjika halifiki. Taya zinafunga hewa. Ili kipande kile kimguse adui, Fang Gang mwenyewe inambidi awe ameshaingia ndani, karibu mno, na kwa umbali huo koleo halina nafasi ya kugeuka. Adui amebakiwa na jambia tu, na kipande cha upanga kina uzito na makali kuliko jambia lolote. Silaha iliyobuniwa kuimaliza shule nzima inashindwa na kitu ambacho shule hiyo ingekitupa jalalani. Tunalishuhudia hilo anapokwenda kumwokoa Pei'er, yule yule aliyemkata mkono, aliyekwisha kuangukia mikononi mwa wanafunzi wa Shetani. Mtazameni usoni jamaa mwenye koleo pale taya zinapofunga bila kukamata kitu. Haogopi hasira ya mtu, anashangaa umbali.

Na filamu haikigeuzi kipande hicho kuwa hirizi. Ufupi una gharama. Fang Gang anapaswa kuupita umbali wote ambao wenzake waliupita kwa urefu wa bapa, na anaupita kwa miguu. Mkono wa kulia wa Wang Yu ulikuwa umefichwa ndani ya nguo, kwa hiyo mwigizaji mwenyewe hakuwa na mkono wa kujipatia mizani. Ukimwangalia chini ya kiuno utaona hatua zake ni fupi, magoti yamekunjwa, na mwili unazunguka juu ya nyonga badala ya mabega. Hiyo ni kazi ya Lau Kar-leung na Tang Chia, na kwa maoni yangu ndiyo kazi nzuri kuliko zote ndani ya filamu. Halafu Shetani mwenyewe ana mjeledi. Mjeledi unaiadhibu silaha fupi kwa umbali ule ule ambao koleo lilishindwa kuutumia. Pambano la mwisho lina uzito kwa sababu hiyo: dawa iliyowaponza wanafunzi wa Shetani haimwingii bwana wao.

Sasa niwaeleze kwa nini watu wengi hawayaoni haya, akiwemo labda mwandishi wenu. Wameitazama kwenye picha iliyokatwa.

Shaw Brothers walipiga filamu hii kwa mfumo wao wa skrini pana, ambapo upana wa picha ni takriban mara 2.35 ya kimo chake. Lenzi maalumu iliibana picha kwa upana ili ienee kwenye mkanda wa milimita 35, na lenzi nyingine ya ukumbini ikaitanua tena. Ilipohamishiwa kwenye kanda za video kwa ajili ya runinga za zamani, zile zenye uwiano wa 4 kwa 3, aghalabu pande zilikatwa ili picha ijae kioo. Anayekata hivyo anatupa zaidi ya asilimia 40 ya picha. Kwenye runinga za sasa za 16 kwa 9, ukiikuza picha ili mistari myeusi ya juu na chini iondoke, unatupa karibu robo. Na kinachotupwa ni pembeni, mahali Chang Cheh anapowasimamisha watu wake: mwenye upanga ukingo mmoja, mwenye koleo ukingo wa pili, katikati uwanja mtupu. Uwanja ule mtupu ndio umbali ninaousema katika barua hii yote. Ukiukata, unaona nyuso na vyuma vikigongana, na mkono unaochomoa jambia unakuwa umebaki nje ya kioo. Mtu anakufa na hujui kachomwa na nini. Hapo ndipo maelezo ya hasira yanapozaliwa.

Wenye vibanda umiza na wanaoonyeshea nyumbani, kulirekebisha hili hakuna gharama. Runinga ya inchi 32 ina kioo cha upana wa sentimita 71 na kimo cha sentimita 40 hivi. Picha ya filamu hii ikiwa sahihi itachukua upana wote na kimo cha sentimita 30, ikiacha mstari mweusi wa sentimita 5 hivi juu na mwingine chini. Kwenye inchi 43 picha itakuwa na kimo cha sentimita 40 na kidogo, na kila mstari sentimita 6 na nusu. Pimeni kwa rula. Mistari ikiwa myembamba zaidi ya hapo, picha ama imekuzwa ama imevutwa. Wenye projekta wanaotumia shuka ukutani wafanye hesabu hiyo hiyo: picha ya upana wa mita 2 iwe na kimo cha sentimita 85.

Kukuza na kuvuta ni makosa mawili tofauti, na kila moja lina dalili yake. Ikiwa imekuzwa, maandishi ya tafsiri ya chini yanakatika au yanapotea kabisa, na watu waliosimama pembeni wanakatwa. Ikiwa imevutwa kwenda juu, hakuna kilichokatika ila kila mtu anakuwa mrefu kwa theluthi nzima, uso umekuwa kama wa farasi, na kitu chochote cha duara kinaonekana kama yai. Wateja huwa hawalalamiki kwa kosa hili la pili kwa sababu kioo kimejaa, lakini umbali unadanganya: wapiganaji wanaonekana wamekaribiana kuliko walivyo. Tiba ya yote mawili iko kwenye rimoti. Ingia kwenye ukubwa wa picha, chagua 16:9, na usiguse Zoom. Ikiwa faili lenyewe limeharibiwa tangu lilipotengenezwa, hakuna rimoti itakayorudisha kilichokatwa. Tafuta nakala nyingine. Kanda nyingi za zamani za filamu pana zina alama ya kuzitambulia: majina ya waigizaji mwanzoni yanaonekana yamebanwa, watu wembamba kama mianzi, kisha majina yakiisha picha inajaa kioo ghafla. Ukiona hivyo, pande zimeshatupwa.

Zimeni pia kile kipengele cha runinga mpya kinacholainisha mwendo wa picha. Filamu hii ilipigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Runinga inapobuni fremu za kujaziliza katikati, upanga wa haraka unaacha mkia wa ukungu, na lile tendo la taya kufunga, ambalo ni la fremu chache, linapotea ndani ya ukungu huo. Nakala zilizotengenezwa kwa mfumo wa runinga wa PAL, ambao ndio tulioutumia huku, mara nyingi huendeshwa kwa fremu 25, kasi ya asilimia 4 zaidi. Hilo mimi nalivumilia. Filamu inapungua dakika nne au tano na sauti zinapanda kidogo, lakini hakuna kinachokatwa.

Watafsiri wetu nao nina ombi kwao, nikilitoa kwa heshima. Sanaa ya kutafsiri filamu kwa sauti, waliyoijenga kina Lufufu Dar es Salaam na DJ Afro kule Kenya, ndiyo iliyowafanya watu wasiojua Kiingereza wala Kichina wawe na filamu hizi. Na katika filamu hii sauti yao haiharibu kitu kitakatifu, maana hata Kichina kinachosikika kiliingizwa studio baada ya kupiga picha, kama ilivyokuwa desturi ya Shaw, na midomo haiendani na maneno hata kwenye nakala ya asili. Lakini filamu hii inahitaji kunogeshwa kwa namna yake.

Kwanza, lile koleo lipewe jina moja tangu linapotokea mara ya kwanza, na jina hilo libaki mpaka mwisho. Mtafsiri akiliita upanga leo, kifaa kesho na uchawi keshokutwa, mtazamaji hatajua kwamba wote wameuawa na kitu kimoja. Pili, kipande cha upanga wa baba kitajwe kila kinapoonekana, japo kwa maneno mawili. Tatu, koleo linapofunga, mtafsiri anyamaze. Sauti ya chuma kubana chuma ndiyo inayotangaza kifo, na filamu ina njia moja tu ya sauti: maikrofoni ikiwa juu, kila kilicho chini yake kimezimwa. Sekunde tano za ukimya zinatosha, halafu aendelee na mbwembwe zake.

Na Pei'er asifanywe adui. Nimesikia tafsiri zinazomwita shetani tangu tukio la theluji mpaka mwisho, na zikifika pale Fang Gang anapokwenda kumwokoa zinakwama, hazina la kusema ila kwamba jamaa ana moyo wa ajabu. Filamu imemweka Pei'er kama binti aliyedekezwa, aliyependa bila kupendwa, aliyefanya jambo moja baya kupita kiasi na kulijutia. Xiaoman kwa upande wake siyo wa kuchekeshea. Anapoeleza jinsi upanga ulivyompokonya baba yake ndipo tunapojua kwa nini hataki Fang Gang arudi huko, na kwa nini, kazi ikishakwisha, Fang Gang anaiacha shule na kwenda naye kulima. Utani ukiingizwa hapo, mwisho wa filamu unakosa mzazi.

Kosa jingine la vibandani ni kuanzia pale mkono unapokatwa ili kuokoa muda. Filamu ina takriban saa moja na dakika hamsini. Ukiondoa sehemu ya mwanzo umeondoa kifo cha mtumishi na kuvunjika kwa upanga, na kijana wa watu atakapotoka na kipande mwishoni kila mtu atadhani hakuwa na hela ya kununua upanga mzima. Kama muda ni mfupi, gawanyeni jioni mbili. Mahali pazuri pa kukatia ni pale Fang Gang anapopewa kitabu kilichoungua.

Nakala safi zipo. Kampuni ya Celestial Pictures ya Hong Kong ilinunua hazina ya Shaw yenye filamu zaidi ya 700 mwaka 2000, na tangu mwaka 2002 ilianza kuzitoa zikiwa zimesafishwa na kuachwa katika upana wake. Tatizo la huku kwetu ni kupewa filamu nyingine kabisa, kwa sababu watu wa mkono mmoja ni wengi. Return of the One-Armed Swordsman ya mwaka 1969 ni mwendelezo halali, wa Chang Cheh na Wang Yu wale wale, wenye kundi la maadui kila mmoja na silaha yake ya ajabu. Inafurahisha, ila haina hesabu ya ile ya kwanza. One-Armed Boxer ni ya Wang Yu pia, lakini humo anapigana ngumi na wala hahusiani na Fang Gang. Katika Zatoichi Meets the One-Armed Swordsman ya mwaka 1971 anakutana na kipofu wa Kijapani anayechezwa na Katsu Shintaro. Ya mwaka 1976, One-Armed Swordsmen, ina watu wawili wa mkono mmoja. Nayo The Blade ya Tsui Hark, mwaka 1995, inaisimulia upya hadithi ya upanga uliovunjika na kitabu kilichoungua kwa ukali ambao si wa kila mtu, na naipendekeza kwa aliyekwisha kuiona ile ya 1967, si kabla. Unayoitaka ina nembo ya Shaw mwanzoni, mtumishi anayekufa, theluji, na mkono wa kulia unaokatwa na mwanamke. Muuzaji akikosa kukuthibitishia mambo hayo manne, usitoe pesa.

Nalisisitiza hilo kwa sababu hata gazeti lenu limenaswa. Picha mliyoiweka juu ya makala siyo ya filamu mliyoiandikia. Mtu aliyesimama kulia ameshika rungu la vipande vitatu vilivyoungwa kwa minyororo. Katika filamu ya 1967 hakuna aliyemshinda mtu wa shule ya Qi kwa silaha hiyo. Hiyo ni ya adui wa The New One-Armed Swordsman, mwaka 1971, ambayo Chang Cheh aliitengeneza na mhusika mwingine kabisa, Lei Li, na kijana mwenye mkono mmoja kwenye picha yenu ni David Chiang. Humo nako ushindi ni wa hesabu: rungu lile lina vipande vitatu, panga mbili hazikulitosha, na Lei Li analijibu kwa panga tatu akiwa na mkono mmoja. Mnaweza kuibakiza picha kwa makala nyingine juu ya filamu hiyo, na ingestahili. Kwa toleo lijalo naomba mrekebishe maelezo yaliyo chini yake, jina la mwigizaji na mwaka.

Mpenzi wa filamu za upanga,
Dar es Salaam